Kuhamisha Barua Pepe: Masijala Isiyo na Karatasi

Kinachohamishwa

Sanduku la barua pepe ni masijala isiyo na karatasi. Ndani yake mna barua zilizoingia, zilizotoka, rasimu ambazo hazikutumwa, na folda ambazo mwenye sanduku amezipanga kwa miaka kadiri kazi ilivyomwongoza. Kulihamisha kutoka seva moja hadi nyingine ni kazi ileile anayoifanya mtunza kumbukumbu ofisi inapohamia jengo jipya: kila jalada litoke, lifike, likae mahali pake, na barua zilizomo zibaki katika mpangilio wake.

Tofauti kubwa ni moja. Katika jalada la karatasi kila barua hupewa namba ya folio. Ikikosekana ya 17, pengo kati ya 16 na 18 huonekana papo hapo. Barua pepe haina folio. Ikidondoka njiani, folda haioneshi pengo lolote, na mwenye sanduku huigundua hasara siku anapoihitaji barua hiyo, pengine miaka mitatu baadaye, mbele ya mkaguzi au mahakamani. Ndiyo sababu moyo wa kazi hii ni hesabu: barua haijahama mpaka imehesabiwa kule ilikofika.

Chukua mfano wa Baray, kata ya Wilaya ya Karatu nchini Tanzania, katika bonde la Ziwa Eyasi. Wairaqw, Wadatoga na Wahadzabe wanaishi jirani. Vitunguu vya umwagiliaji vinatoka bondeni kwenda masoko ya mbali. Mifugo inalishwa nyikani. Watalii wanashuka kutoka nyanda za Ngorongoro kuja ziwani. Barua pepe za eneo kama hili ni za aina nyingi. Mwalimu mkuu anapeleka takwimu za wanafunzi wilayani. Mganga mfawidhi wa zahanati anajibiwa kuhusu dawa. Kiongozi wa wakulima anaandikiana na mnunuzi wa vitunguu. Kambi ya watalii inathibitisha nafasi za wageni wa mwaka ujao. Hakuna hata mmoja kati yao anayejiona mtunza nyaraka, lakini kila mmoja anazo.

Kila barua ina sehemu tatu. Kichwa kinabeba jina la mtumaji, mpokeaji, tarehe, orodha ya seva ilizopitia, na utambulisho wake wa pekee, ambao kitaalamu huitwa Message-ID. Mwili una maneno. Viambatisho vina picha, majedwali na hati zilizoskaniwa. Itifaki ya kutuma barua, SMTP, iliyochapishwa mwaka 1982, ilijengwa kwa ajili ya maandishi matupu. Viambatisho vilipata kanuni yake mwaka 1992, ilipotoka MIME, ambayo hugeuza faili kuwa mfululizo wa herufi. Mgeuzo huo huongeza ukubwa kwa takriban theluthi moja, hivyo hati ya megabaiti 15 husafiri na kuhifadhiwa ikiwa na megabaiti 20 hivi. Anayekadiria nafasi ya seva mpya kwa kujumlisha ukubwa wa hati zake atajikuta na upungufu.

Zaidi ya sehemu hizo tatu zipo alama ambazo seva huziweka juu ya barua: imesomwa au haijasomwa, imejibiwa, imewekewa nyota, na tarehe iliyopokelewa. Vipo pia vitu vinavyokaa jirani na barua bila kuwa barua: kitabu cha anwani, kalenda, kanuni za kupanga barua zinazoingia, saini za chini na majibu ya likizo. Vyote hivi vina njia zake za kuhama, na ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

Barua zinakokaa

Kabla ya kuhamisha chochote lazima ijulikane barua ziko wapi, na mara nyingi jibu si lile linalodhaniwa. Programu ya kusomea barua hutumia mojawapo ya itifaki mbili. POP3 hushusha barua kwenye kompyuta ya mtumiaji na, kwa mazoea ya miaka mingi, huzifuta kwenye seva. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, huziacha barua kwenye seva na kumwonesha mtumiaji yaliyomo humo.

Pale ambapo intaneti ni ya mnara wa simu na bando linahesabiwa, POP3 ilikuwa chaguo la busara: barua inashushwa mara moja, kisha inasomwa wakati wowote hata mtandao ukikatika. Gharama yake inaonekana siku ya kuhama. Seva inakutwa na barua za wiki mbili tu, ilhali barua za miaka 10 zimo ndani ya kompyuta moja ya mezani, yenye vumbi la bondeni, isiyo na nakala nyingine popote. Fundi anayehamisha kilichomo kwenye seva peke yake atakuwa amehamisha ganda na kuiacha kokwa.

Ndani ya kompyuta hiyo barua hukaa katika mojawapo ya miundo michache. Programu ya Outlook hutumia faili la PST, ambalo hadi toleo la 2002 lilikuwa na kikomo cha gigabaiti 2. Likikaribia hapo lilianza kuharibika. Tangu toleo la 2010 kikomo cha kawaida ni gigabaiti 50. Faili hili ni dhaifu mbele ya umeme unaokatika ghafla, na Outlook huja na zana ya kulikarabati iitwayo ScanPST, ambayo hutumiwa kwenye nakala, kamwe si kwenye faili la asili. Thunderbird hutumia mbox, muundo wa kale unaopanga barua zote za folda katika faili moja refu, moja baada ya nyingine. Seva nyingi za Linux hutumia Maildir, ambamo kila barua ni faili lake peke yake. Kosa la diski likigusa faili moja, nyingine zinabaki salama.

Sababu za kuhama

Sababu ya kwanza ni uzee wa programu. Mtengenezaji akiacha kutoa marekebisho ya usalama, kila ufa unaogunduliwa baada ya hapo unabaki wazi. Microsoft ilisitisha msaada kwa Exchange Server 2016 na 2019 tarehe 14 Oktoba 2025. Hatari yake si ya kufikirika. Machi 2021 zilitangazwa nyufa nne za Exchange zilizokuwa zikitumiwa tayari na wavamizi, na seva nyingi duniani ziliingiliwa kabla ya wamiliki kuweka marekebisho.

Sababu ya pili, kwa ofisi za umma, ni urasmi. Wakala ya Serikali Mtandao ilianza kazi mwaka 2012, na Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya 2019 ikaifanya Mamlaka. Chini yake upo Mfumo wa Barua Pepe Serikalini, unaofahamika kwa kifupi cha GMS, unaozipa taasisi anwani zenye mwisho wa go.tz. Halmashauri ya Wilaya ya Karatu, kwa mfano, inatambulika mtandaoni kwa kikoa cha karatudc.go.tz. Barua ya Serikali inayotumwa kutoka anwani binafsi ya Gmail au Yahoo haina mlinzi: mtumishi akihamishwa kituo, akistaafu au akifariki, masijala yake inaondoka naye. Tangu Desemba 2023 Google imekuwa ikifuta akaunti binafsi ambazo hazijatumika kwa miaka miwili. Mtendaji aliyestaafu, asiyefungua tena sanduku aliloendeshea shughuli za kata, anaweza kupoteza barua za miaka mingi bila yeyote kugusa kitufe.

Sababu ya tatu inazihusu zaidi biashara. Kambi nyingi za watalii zilianza na sanduku dogo lililokuja pamoja na tovuti, kwenye seva inayogawanywa na mamia ya wateja wengine. Mmoja wao akituma barua taka, anwani ya seva nzima huingia katika orodha za kukataliwa, na uthibitisho wa nafasi ya mgeni wa Ujerumani unaishia katika folda ya taka.

Sheria juu ya barua

Barua pepe ya ofisi ya umma ni kumbukumbu kwa maana kamili ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002. Haitupwi kwa sababu seva imejaa, na haiachwi kwa sababu seva imebadilishwa. Kinachopaswa kuhama, kuhifadhiwa au kuteketezwa huamuliwa kwa utaratibu wa kumbukumbu, na mtunza kumbukumbu ana neno katika uamuzi huo sawa na Afisa TEHAMA.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, katika kifungu cha 18, inakubali ujumbe wa kielektroniki kuwa ushahidi, na inaelekeza uzito wake upimwe kwa kuangalia jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na uadilifu wake ulivyotunzwa. Uhamisho ni sehemu ya historia hiyo ya uhifadhi. Wakulima wanaogombana na mnunuzi juu ya bei iliyoafikiwa kwa barua pepe wanahitaji barua ambayo tarehe yake, kichwa chake na utambulisho wake havikubadilika siku ya kuhama.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaongeza jukumu jingine. Sanduku la zahanati lina majina ya wagonjwa. La shule lina taarifa za watoto. La kambi lina nakala za pasipoti. Seva mpya ikiwa nje ya Tanzania, masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi yanahusika, na yanapaswa kutimizwa kabla ya baiti ya kwanza kuondoka. Fundi wa nje anayepewa nywila za masanduku hayo afungwe kwa mkataba wa maandishi unaotaja anachoruhusiwa kugusa na siku ruhusa inapokoma.

Kuhesabu kabla ya kugusa

Hatua ya kwanza ya kazi yenyewe ni daftari. Kila sanduku linaandikwa: anwani, mwenye nalo, idadi ya folda, idadi ya barua katika kila folda, ukubwa, barua ya kale kuliko zote na ya karibuni kuliko zote. Chini yake yanaandikwa majina ya ziada yanayoelekeza barua kwenye sanduku hilo, vikundi vya kupokea kwa pamoja, na masanduku yanayotumiwa na watu kadhaa, kama lile la mapokezi. Inaandikwa pia kila kifaa kinachofungua sanduku: kompyuta ya ofisi, simu ya mkuu, na skana inayotuma hati yenyewe kwa barua pepe, ambayo huacha kufanya kazi kimyakimya baada ya kuhama kama hakuna aliyeikumbuka.

Daftari hilo hufuatwa na ziara. Mtu aende kwenye kila kompyuta aulize: programu hii inatumia POP3 au IMAP? Faili la PST liko wapi, na yapo mangapi? Jibu la swali hili hubadilisha mpango mzima, na halipatikani kwa kukaa mbele ya seva.

Kisha hutengenezwa nakala rudufu ya kila kitu kama kilivyo, hata kabla ya njia ya kuhamia kuchaguliwa. Kanuni inayotumika duniani ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali na jengo. Nakala ya Baray inayokaa kabatini Baray haijakidhi sharti la mwisho. Iliyopelekwa Karatu mjini imelikidhi. Diski inayobeba nakala ifungwe kwa usimbaji fiche, kwa kuwa inaweza kupotea ndani ya basi.

Njia za kuhamishia

Zipo njia tatu kuu. Ya kwanza ni ya seva kwa seva: programu inaingia kwenye seva zote mbili kwa IMAP, inalinganisha folda kwa folda, na kunakili kisichokuwepo upande wa pili. Zana inayojulikana zaidi ni imapsync, iliyoandikwa na Gilles Lamiral tangu 2001. Sifa yake kubwa ni kwamba inaweza kuendeshwa tena na tena bila kurudufu barua. Mtandao ukikatika katikati, inaanzia ilipoishia. Haifuti kitu kwenye seva ya zamani isipoamriwa.

Ya pili ni kutoa na kuingiza: masanduku yanatolewa kama mafaili ya mbox au PST, yanasafirishwa, kisha yanaingizwa kwenye seva mpya. Google hutoa barua za Gmail kwa njia hii kupitia huduma yake ya Takeout, katika muundo wa mbox. Ya tatu ni mtumiaji mwenyewe kufungua masanduku mawili katika programu moja na kuburuta folda kutoka moja hadi nyingine. Inafaa kwa barua mia chache. Kwa maelfu ni ya kuepukwa, kwa sababu ikikwama haielezi ni barua zipi zilizofika.

Katika bonde la Eyasi uchaguzi kati ya njia hizi huamuliwa na kasi ya mtandao. Nyaya za baharini zilianza kufika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kujengwa mwaka huohuo, lakini kipande cha mwisho hadi kwenye ofisi ya kijiji kwa kawaida ni mawimbi ya mnara wa simu. Sanduku la gigabaiti 20 ni sawa na megabiti 160,000. Kwa kasi ya kushusha ya megabiti 2 kwa sekunde, hizo ni sekunde 80,000, yaani saa 22 na dakika 13 bila kukatika. Kulipandisha kwenye seva mpya kwa megabiti 1 kunachukua saa nyingine 44. Bando lililoliwa ni gigabaiti 40, kwa sanduku moja tu.

Kwa hiyo kompyuta ya Baray iwe ya kutoa amri, isiwe barabara ya kupitishia mizigo. Zana ya kunakili iendeshwe kwenye mashine iliyo ndani ya kituo cha data, karibu na mojawapo ya seva mbili. Fundi aliye bondeni anaiamuru kwa mbali, na kinachopita kwenye mnara wa simu ni maandishi machache ya amri na ripoti. Hata mnara ukizimika, unakili unaendelea.

Kwa mafaili ya PST yaliyokwama kwenye kompyuta za mezani, diski ya kubebwa mkononi ndiyo mtandao bora. Diski yenye gigabaiti 200 ikisafiri saa tatu hadi mjini penye intaneti ya nyaya imebeba data kwa wastani wa karibu megabiti 148 kwa sekunde, kasi ambayo mnara wa kijijini hauifikii. Sharti ni kwamba kinachosafiri kiwe nakala. Faili la asili linabaki mahali pake mpaka nakala imehakikiwa.

Huduma kubwa zina masharti yake. Google Workspace huweka kikomo cha megabaiti 2,500 kwa siku kwa barua zinazoshushwa kwa IMAP na 500 kwa zinazopandishwa. Sanduku la gigabaiti 15 linahitaji siku 6 kutolewa, hata mtandao uwe na kasi kiasi gani. Gmail pia huonesha lebo zake kama folda, na ina folda inayokusanya barua zote. Asiyeiondoa folda hiyo katika orodha ya kunakili atapata kila barua mara mbili au tatu. Tena, Google mwaka 2022 iliacha kuruhusu akaunti binafsi kufunguliwa na programu za nje kwa nywila ya kawaida, na Microsoft ikafuata kwa Exchange Online kuanzia Oktoba mwaka huo. Zana za zamani zisizojua njia mpya za uthibitisho hukataliwa mlangoni.

Jina la kikoa na siku ya kuvuka

Barua mpya hujua pa kwenda kwa kusoma rekodi ya MX katika jina la kikoa. Anayeimiliki rekodi hiyo ndiye mwenye ufunguo wa uhamisho wote. Taasisi nyingi ndogo hugundua wakati huu kwamba kikoa kilisajiliwa na mtengeneza tovuti kwa jina lake mwenyewe. Umiliki huo urekebishwe kwa msajili aliyeidhinishwa kabla ya kupanga tarehe yoyote.

Kila rekodi ina muda wa kukumbukwa na seva nyingine duniani. Ikiwa muda huo ni saa 24, mabadiliko yatachukua siku nzima kuenea, na katika siku hiyo baadhi ya barua zitafika seva ya zamani na nyingine mpya. Muda hupunguzwa hadi sekunde 300 siku mbili kabla ya kuvuka, kisha hurudishwa baadaye.

Mpangilio wa kuvuka ni huu. Wiki moja au mbili kabla, unakili wa kwanza unaendeshwa wakati watu wakiendelea na kazi kwenye seva ya zamani. Huu ndio mrefu. Usiku wa kabla ya siku yenyewe unaendeshwa wa pili, unaochukua barua mpya tu. Saa iliyopangwa ikifika, rekodi ya MX inageuzwa na watumiaji wanaelekezwa kwenye seva mpya. Saa 24 hadi 48 baadaye unaendeshwa wa tatu, kuzoa barua zilizochelewa kuelekea seva ya zamani.

Wenye hofu ya kupoteza barua katika saa hizo wana kinga ndani ya itifaki yenyewe. Kanuni ya SMTP inaielekeza seva ya mtumaji, ikikuta mlango umefungwa, ijaribu tena kwa siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Seva mpya ikilala saa chache, barua hukawia, haipotei. Kilicho hatari zaidi ni seva mpya iliyoamka bila masanduku yake kutengenezwa, kwa kuwa hiyo hujibu kwamba mpokeaji hayupo, na mtumaji hajaribu tena. Masanduku yote, pamoja na majina ya ziada, yawepo kabla MX haijageuzwa.

Pamoja na MX hubadilishwa rekodi tatu zinazothibitisha kuwa barua imetoka kwa mwenye kikoa: SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma, DKIM inayoweka saini ya kidijitali, na DMARC inayoelekeza hatua ya kuchukuliwa pale mbili hizo zinaposhindwa. SPF ikibaki na anwani ya seva ya zamani, barua zote mpya zitashukiwa.

Tarehe ichaguliwe kwa kalenda ya wenye kazi. Halmashauri na vituo vilivyo chini yake havihamishwi wiki ya mwisho ya Juni, mwaka wa fedha unapofungwa. Shule haziguswi wakati wa usajili wa mitihani. Kambi za watalii huhama Aprili au Mei, mvua za masika zinapopunguza wageni, kamwe si Julai au Agosti.

Uhakiki

Unakili ukiisha, daftari la mwanzo linafunguliwa tena. Hesabu ya kila folda upande wa zamani inawekwa kando ya hesabu ya upande mpya. Zikilingana bado kazi haijaisha, kwa kuwa barua moja iliyopotea na nyingine iliyorudufiwa hutoa jumla ileile. Orodha ya Message-ID za pande zote mbili ndiyo inayotoa jibu la uhakika: ikipangwa na kulinganishwa, inataja kwa jina kila barua iliyokosekana. Hiyo ndiyo folio ya masijala hii.

Makosa ya kawaida yanajulikana. Tarehe za kupokelewa zikigeuka zote kuwa siku ya kuhama, zana haikuchukua tarehe ya ndani ya seva, na unakili urudiwe. Barua zilizotumwa zikikaa katika folda mbili, seva ya zamani iliita folda hiyo kwa jina moja na mpya kwa jingine. Folda zilizokuwa ndani ya folda zikitawanyika juu, alama ya kutenganisha majina imetofautiana kati ya nukta na mkwaju. Barua kubwa zikikosekana, zimevuka kikomo cha ukubwa cha seva mpya, na kikomo hicho kinaweza kuinuliwa kwa muda.

Baada ya hesabu huja macho. Katika kila sanduku zifunguliwe barua ya kale kuliko zote, ya karibuni, kubwa kuliko zote, na kadhaa zenye viambatisho vya aina tofauti. Kiambatisho kifunguliwe kabisa, si kuangaliwa jina lake tu. Mwenye sanduku atafute barua anayoijua. Kalenda na kitabu cha anwani, ambavyo IMAP haivigusi, vihakikiwe peke yake baada ya kuhamishwa kwa mafaili yake.

Tofauti yoyote iliyobaki iandikwe pamoja na sababu yake. Kisha hutayarishwa hati ya makabidhiano: masanduku mangapi, barua ngapi zilitoka, ngapi zilifika, zipi hazikuhama na kwa nini, nani alihakiki, tarehe gani. Inasainiwa na fundi, Afisa TEHAMA au mwenye biashara, na mtunza kumbukumbu. Mahakama ikiuliza siku moja barua ilihifadhiwaje, hati hii ndiyo jibu.

Watumiaji

Anayefungua barua kwa simu ndogo kijijini hana haja ya kujua neno IMAP. Anahitaji kujua siku, anwani mpya ya kuingilia, namna ya kuweka nywila mpya, na namba ya kumpigia mtu akikwama. Nywila za zamani kwa kawaida hazihamishiki, kwa kuwa seva huzihifadhi katika umbo lisiloweza kurudishwa. Mpya igawiwe ana kwa ana au kwa simu iliyothibitishwa. Kipindi hiki ndicho matapeli wanachokipenda. Ujumbe unaodai kutoka kwa fundi na kuomba nywila ili kukamilisha uhamisho ni wa uongo daima, na watumiaji waambiwe hivyo mapema.

Kufunga seva ya zamani

Seva ya zamani haizimwi siku ya kuvuka. Inaachwa ikiwa ya kusomwa tu kwa siku 30 hadi 90, ili aliyekuwa likizo, masomoni au kwenye uzazi arudi akague sanduku lake. Muda ukiisha bila dai, inatengenezwa nakala rudufu ya mwisho, inahakikiwa kwamba inafunguka, ndipo diski zinafutwa kwa zana ya kufuta kabisa au zinaharibiwa. Diski isiyofutwa inayouzwa kama chakavu inabeba majina ya wagonjwa na pasipoti za wageni hadi kwa mnunuzi.

Barua za kuhifadhiwa miaka mingi hazipaswi kubaki katika muundo wa kampuni moja. Zitolewe kwa mbox au kama mafaili ya EML, barua moja kwa faili moja, miundo iliyo wazi ambayo programu nyingi zinaisoma. Kila faili liandikiwe alama yake ya uhakiki ya SHA-256, mfululizo wa tarakimu unaobadilika hata herufi moja ikiguswa, na orodha ya alama hizo ikae mbali na mafaili yenyewe. Kila mwaka nakala zifunguliwe na alama zipimwe upya. Diski zikizeeka, barua zihamie diski mpya kwa utaratibu uleule: daftari, nakala, hesabu, hati ya makabidhiano.